Nusu ya Mama Yako

Ngalula, mutoto yangu,

Sikuulizi kama uko muzima. Niko nakusikia unakohoa nyuma ya ukuta huu. Kaka yako Ilunga anapanga bitu byako mu sanduku, na kila nguo anayoshika we unamukatalia. Mi nimejifungia huku na kalamu. Nimewaambia nyinyi nataka kulala mapema. Ni uongo, na mwenye kunijua anajua: Kabeya halali mapema.

Kesho asubuhi mujomba yako Kalenga atafika na motokari yake akupeleke Lubumbashi, ukae kwake, karibu na lopitali kubwa. Ya dawa sikuambii, unaijua kuliko mi. Ya matone ya macho, ya kitambaa ya pua, ya kutokula pilipili, Ilunga atakusumbua nayo njia nzima mpaka uchoke. Mi nataka kukuambia ingine, yenye sikuweza kuisema na mdomo, juu mdomo yangu ilizoea kushinda.

Usishangae kuona naandika. Nilisoma mpaka mwaka ya tano tu, lakini mwalimu mwenyewe alisema mwandiko yangu inapita ya kwake. Uliza mutu yeyote mwenye alisoma na mi. Bengi balishakufa, lakini uliza.

Kazi yangu unaijua. Nilisimama pa mukanda ya kiwanda, ile mukanda ndefu yenye inabeba mawe ya shaba kupeleka ku mashini ya kusaga. Kile haiko jiwe, mi natoa. Kipande ya mbao, chuma, kitambaa, kiatu ya mutu. Mukanda haisimami, na we macho usifunge. Benzangu balikuwa banaacha bitu binapita, mashini inavunjika, bashefu banapiga kelele. Pa zamu yangu mashini haikuvunjika. Shefu alikuwa anabaambia, "Kabeya hata mu usingizi anatoa mbao." Ilikuwa kweli. Mama yako alisema nilikuwa navuta shuka usiku na kuitupa chini, kisha asubuhi nauliza nani alinifunua.

Nakukumbusha ile kazi juu bila yenyewe nisingeelewa kitu yenye inakuua. Ndiyo, nimeandika hivyo. Hilo neno ulishalisema mwenyewe mbele yangu, siku ya Pasaka, na mi nilikukemea mpaka ukanyamaza. Sasa nimeliandika na mukono yangu. Hauna kazi tena ya kunificha.

Nilimuoa mama yako Adela mu jamaa yenye inasema mutoto ni ya tumbo. Kwabo mutoto anahesabiwa upande ya mama, na mwenye neno juu yake ni mujomba. Kwetu, bantu ya Kasai, mutoto ni ya tata, ya baba yake, basi. Babu yako aliletwa huku na treni juu ya kazi ya mugodi. Mi nilizaliwa hapa Musonoi, nimefanya kazi hapa mpaka mugongo ikapinda, na bado kuna bantu banatuuliza tutarudi kwetu siku gani. Ukiulizwa vile maisha yako yote, kile uko nacho unakishika na mikono mbili. Mi nilikushika we. Ulipozaliwa nilikupa jina Ngalula mbele ya jamaa yote. Kumbe nikienda kazini mama yako anakuita Kyabu, jina ya mama yake. Nilijua. Majirani baliniambia. Na baliniambia kama ukiitwa Kyabu unaitika haraka zaidi, na hiyo ndiyo iliniuma.

Kisha mifupa yako ikaanza kulia. Bakapima, bakasema ni SS, ile damu yenye chembe zake zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa. Mi nilikupa nusu ya ugonjwa, mama yako akakupa nusu, hakuna mwenye alijua. Juu ya hiyo hatukubishana. Hakuna upande yenye ilitaka kuidai.

Mama yako alipokufa, Kalenga alisimama mu matanga, akasema batoto barudi kwabo. Nikamujibu mbele ya bantu bote: "Kalenga, ukitaka batoto, zaa bako." Bamoja bakacheka. Kalenga hana mutoto. Nilijua kama hana. Nilisema hivyo juu nilijua.

We ulikuwa umekaa pembeni na Ilunga. Sikuangalia uso yako. Mutu mwenye anashinda haangalii uso za bantu, mi ndivyo nilivyokuwa.

Tuliposikia ya India, kama kuna waganga kule banaweza kuondoa damu ya SS na kupanda damu ingine, mi sikungoja. Niliuza parsele, kiwanja yangu ya Kasulo, ile yenye majirani bake balikuwa banachimba kobalti mpaka chini ya jikoni yao. Hiyo najisifu mpaka leo na sitaacha. Kuna batata ngapi mu Musonoi benye baliuza mahali pao ya kuzeekea juu ya mutoto mwanamuke? Nitajie mumoja.

Lakini kumbuka siku ya ile munganga mwanamuke ya Lubumbashi, mwenye miwani. Tulikaa mbele ya meza yake, mi, we, Ilunga. Kalenga alikuwa amesimama pa mulango, juu sikumupa nafasi ya kukaa.

"Tata," akasema, "tumepima. Hakuna mwenye anafanana na Ngalula kabisa. We uko nusu, Ilunga naye nusu. Nusu inatosha kwa kujaribu. Lakini Ilunga ni kijana. Mbegu ya damu ya kijana ni bora."

"Bora kwa nani?"

"Kwa mugonjwa, tata."

"Munganga, huyu kijana unamuona? Akipanda ngazi anapumua kama mbuzi ya sikukuu. Mi mpaka leo nabeba mufuko ya simenti, mukono moja."

"Sitafuti mutu ya kubeba simenti, tata."

Ilunga akacheka. Nikamuangalia, akameza kicheko yake. Na wakati ule Kalenga akasema kutoka ku mulango, pole pole kama kawaida yake: "Ilunga atoe. Ni tumbo moja."

Ni lile neno, Ngalula. Kama asingelisema, labda ningekubali. Sijui. Niliona sasa mbele ya macho: Ilunga anatoa, we unapona, na mu kila ndoa, mu kila matanga, Kalenga atasimama aseme tumbo imeokoa tumbo. Nikapiga meza. Nikasema ni mi nitatoa, ama hakuna safari. Parsele ni mi niliuza. Munganga akasema haikatazwi, lakini damu ya mutu muzee inaleta hatari zaidi, tufikiri vizuri. Nikamuambia Kabeya alishafikiri.

We ulikuwa kati yetu, mifupa inakuuma siku ile, umeshika magoti. Ukasema, "Mupatane tu." Hatukupatana. Nilishinda.

Kule India bakanichoma sindano siku nyingi, kisha bakanilaza pembeni ya mashini. Damu inatoka mukono moja, mashini inachukua mbegu, damu inarudi mukono ingine. Baliniuliza kama nasikia kizunguzungu. Nikabaambia balete bengine batatu kama bako nao, damu yangu inatosha bote. Ulicheka siku ile. Ulikuwa hauna nywele ata moja juu ya dawa zao kali, ukacheka. Na ile mbegu ikashika! Munganga akashangaa muzee ameshika haraka vile. Kundi ya damu yako ikageuka, ikakuwa kundi yangu. Mifupa ikanyamaza. SS ikaisha mu mwili yako, na ni mi niliimaliza. Hiyo hakuna mutu ataniondolea.

Unajua nilifanya nini? Hata sikukula kwanza. Nilimupigia Kalenga simu.

"Shemeji, sasa upime damu ya mutoto. Utanikuta mi peke yangu."

Akaniacha nimalize. Kisha akauliza: "Na tumbo yenye ilimubeba, shemeji? Na hiyo ulitoa ku mashini?"

Nikamukatia. Nilikuwa na hasira, kisha nikacheka peke yangu, nikafikiri hana tena cha kusema.

Ulipoona bile madoa byekundu mu biganja, nilikuambia ni damu yangu inafanya usafi, iache ifanye. Ulianza kuhara, nikasema ni usafi ile ile. We ndiye uliita muuguzi. Kama ungenisikiliza mi, ungekufa kule kule.

Ile siku bakaniita mu biro, mu ofisi yao. Kulikuwa munganga, na kijana mumoja mukongomani mwenye anasoma kule, alitusaidia na luga. Kijana muzuri, mwenye heshima, alikuwa anatafuta maneno kama mutu mwenye anabeba mayai.

"Tata, pamoja na ile mbegu yako muliingia pia chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kupita mu mwili na kuangalia. Hii ni ya kwetu, hii ni mugeni. Mugeni zinamupiga mpaka atoke."

"Hiyo kazi naijua. Niliifanya."

Hakuelewa, akaendelea. "Mu mwili yako zilikuwa zinajua kila mahali. Sasa ziko mu mwili ya Ngalula. Zinapita mu ngozi, mu matumbo, mu maini, zinaangalia. Nusu ya Ngalula inafanana na we, tata. Hiyo zinaiacha."

"Na nusu ingine?"

Akamuangalia munganga. Munganga akamufanyia ishara aseme.

"Nusu ingine ni ya mama yake. Hiyo hazijaizoea. Zinafikiri ni mugeni."

Nilitoka inje, nikakaa chini pa lango, pale bantu banaacha biatu. Mama yako alishakufa, Ngalula. Mu hii dunia amebaki pahali mbili tu, mu mwili ya Ilunga na mu mwili yako. Na mi, mwenye nilimulilia mpaka sauti ikaisha, nimetuma bantu yangu mu mwili ya mutoto bamutafute mu ngozi, bamutafute mu matumbo, bamutoe. Na banafanya kazi vizuri. Ni bangu bale, habaachi kitu inapita.

Nikarudi mu biro. Nikauliza kama mi mwenyewe naweza kuzikataza, labda batoe damu yangu tena, labda kuna njia ya kuziita zirudi. Yule kijana hakumutafsiria munganga hata. Alinijibu mwenyewe.

"Tata, hazikusikii tena. Ni za mutoto sasa."

Munganga alisema hata na Ilunga ingeweza kufika vile, hakuna mwenye anajua. Ya muzee hatari iko zaidi, lakini hata kijana ingeweza. Alikuwa ananifariji. Nimeiweka ile neno na sijapata mahali ya kuitumia.

Bakakupa dawa za kuzilaza zile chembe. Hiyo ndiyo maisha yetu tangu pale, unaijua vizuri. Zikilala, kila homa ya jirani inaingia mu kifua yako, hakuna mwenye analinda mulango. Zikiamka, zinakula. Waganga banapunguza, banaongeza, banapunguza. Tukarudi nyumbani, nikafanya sikukuu, nikachinja. Na pole pole ngozi ya mikono yako ikakuwa ngumu kama mukanda ya kiatu, bidole habikunjiki tena kushika kikombe. Macho ikakauka. Tulipoenda ku kaburi ya mama yako ulilia bila machozi, ulikuwa unatoa sauti tu, na mi nikaangalia miti. Kisha mapafu. Munganga alisema njia ndogo ndogo za pumzi zinaziba, na yenye imeziba haifunguki. Banaweza kuzuia kidogo isiende mbio. Kurudisha nyuma, hapana.

Hapo sasa Kalenga akapiga simu, akasema hivi: Vumbi ya malori ya mugodi ya Kingamyambo inapita mbele ya mulango yetu mchana na usiku, mutoto hawezi kupumua vumbi, nimulete Lubumbashi. Nikamujibu mutoto iko mu nyumba ya tata yake. Akapiga tena. Nikamujibu tena. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, akasimama mu uwanja na kofia mu mukono, na mi nikamuuliza alikuja kununua nini. Pale ndipo ulitoka mu nyumba, umejishika ku ukuta, ukapumua mara nyingi kabla sauti kutoka.

"Tata, mi si parsele."

Mu Kolwezi hii kila mutu alishaona bantu banauana juu ya mupaka ya parsele, na chini yake banachimba tu. Kalenga akavaa kofia yake akaenda. Mi nikaingia mu chumba. Miezi imepita tangu ile siku, mvua nzima, na vumbi ya kiangazi ikaanza tena, na mi bado nilikuwa nafikiri nitajibu nini juu ya lile neno. Ni juzi tu nilimutuma Ilunga amuite Kalenga. Kuchelewa hiyo ni yangu. Usiihesabu pamoja na ugonjwa.

Kuna siku moja mchana ulikuwa umelala upande, nikafikiri umepata usingizi. Nikaweka mukono ku mugongo yako, nikaanza kuzikemea zile chembe na luga ya kwetu, kama vile tata anakemea batoto ya mutaani. Nikaziambia, ni Kabeya anasema, muache, huyo si mugeni, huyo ni bibi yangu, nilimutoa kwabo na mahari. Nikaona mabega yako yanatikisika. Kumbe unacheka. Kucheka ikakukata pumzi, tukakimbia kutafuta ile pompu ya dawa, Ilunga akanifokea, "Tata, unamuua!" Kisha akasikia kile alichosema, akaenda kuosha sahani yako. Ilunga hajaniambia ata siku moja, "Ningetoa mi." Ata siku moja. Akipita karibu yangu ananipa njia. Ningependa anipige.

Sasa unaenda. Sitakuambia utapona. Ulinikataza kudanganya, na mi mwenyewe nimechoka. Nitakuambia ile kidogo yenye najua.

Ukiwa kwa mujomba, usinitetee. Bakisema Kabeya ni mukaidi, kubali, ucheke kama pumzi iko. Mi nilikufundisha kuchagua upande tangu ulipokuwa unatambaa, na ulikuwa unatupenda bote, hiyo ni kazi nzito nilikubebesha bure.

Bantu bakiingia kukuona, mi nilikuwa nakulazimisha useme uko muzuri. Ulifikiri ni juu ya imani. Hapana. Sikutaka baone damu yangu imeshindwa. Kule usiseme uko muzuri. Kama uko mubaya, sema niko mubaya. Na ukifika pahali umechoka na sindano, na waganga banauliza kama baendelee, usifikiri parsele, usifikiri India, usinifikiri mi. Useme tu kile unataka. Siko nakupa ruhusa, mutu hapewi ruhusa ya mwili yake. Nakuambia tu kama sitapiga meza.

Na bakikuita Kyabu kule kwabo, uitike haraka.

Mi sitakuja na nyinyi kesho. Si kukasirika. Mu ile motokari muko Kalenga, Ilunga na we, bote muko na mama yako ndani. Mi ningekuwa nakaa pale naangalia ni nini nitatoa.

Bantu ya mama yako banangoja neno moja kutoka kwangu tangu siku ya mahari. Kwabo mutoto haendi kwa mujomba kama mutu anakimbia. Tata anasimama pa mulango, anamushika mukono, anasema lile neno mbele ya bote, kisha anaachilia. Nimelijaribu hapa peke yangu tangu giza iingie, na mdomo inakwama. Nikisimama kesho pa mulango na nikae kimya, usifikiri nimerudia yangu ya zamani. Umupe Kalenga hii karatasi, umuonyeshe hapa chini.

Kalenga, shemeji yangu. Mi Kabeya, naandika na mukono yangu, hakuna mwenye ananilazimisha: Ngalula ni mutoto yenu. Mumupokee. Na siku atakapokufa, nyinyi mukae mbele. Mi nitakaa nyuma, pale mutanionyesha.